Maboksi ya mbao ya soketi na fyuzi kwenye jengo la zamani: bado yanakubalika?

Mshonaji wa Tororo

Ndugu zangu mafundi, naomba msaada wenu, na mnisamehe kwa maelezo marefu.

Nimepanga duka na vyumba viwili vya nyuma kwenye jengo la zamani la Wahindi hapa Tororo mjini, yale yenye baraza mbele na mwaka ulioandikwa kwa saruji juu ya mlango. La kwetu linasema 1956. Mbele nashona gomesi na kufundisha wasichana cherehani, nyuma nalala na wanangu. Kwa hiyo usiku kati ya wanangu na barabara kuna chumba kilichojaa vitambaa.

Swichi zote za taa zimekaa juu ya vibao vya mbao vya duara, unene wa vidole viwili. Soketi zimekaa kwenye maboksi ya mbao ya mraba yaliyopigiliwa ukutani. Barazani kuna kabati, na ndani yake ubao mkubwa wenye meni swichi ya chuma, ile ya mkono wa pembeni, na sanduku la mbao lenye kimlango cha kioo. Ukifungua unakuta fyuzi nne za kaure nyeupe. Mita ya zamani iliondolewa, sasa tunatumia Yaka, ile mita ya kulipia kabla, lakini vingine vyote vilibaki kama vilivyokuwa.

Sasa shida. Mteja aliyekuja kuchukua nguo yake alisema dukani panatoka harufu ya samaki. Jirani yetu anauza mukene, kwa hiyo hakuna aliyejali. Mimi nikaanza kufuatilia. Harufu inakuja pasi ikiwa imewaka kwa muda, na Jumapili jirani akiwa amefunga bado inakuja. Nikaweka mkono kwenye boksi la soketi ya pasi, lina joto. Mbao imegeuka nyeusi upande wa kulia wa soketi, ukikwangua kwa ukucha unatoka unga kama wa makaa.

Fundi mmoja wa mtaani alikuja, akafungua, akaona waya zimevikwa kitambaa cheusi. Akakaza skrubu, akasema hakuna tatizo, mbao haipitishi umeme, tena hii ni mvule na mvule haiungui. Mwenye nyumba akafurahi kusikia hivyo.

Naomba mniambie ukweli. Maboksi haya ya mbao yanakubalika kwa taratibu za sasa? Na kama hayakubaliki, nianzie wapi?

---

Kijana wa Busia

Dada, usiwe na hofu. Nyumba ya baba yetu ina vibao hivyo hivyo tangu tukiwa watoto na haijawahi kuungua. Vitu vya zamani vilitengenezwa vizuri kuliko hizi plastiki za siku hizi. Mafundi wakikuta nyumba ya zamani wanaona pesa tu. Badilisha hiyo soketi moja, basi.

---

Fundi wa Walukuba

Dada wa Tororo, kabla ya kusoma mengine: soketi hiyo usiitumie tena, hata kwa kuchaji simu. Zima meni swichi, kisha ondoa fyuzi za njia ile, yaani za waya zinazolisha soketi hiyo, zifungie kwenye droo yako. Nasema fyuzi kwa wingi kwa makusudi. Sanduku la miaka hiyo likiwa na fyuzi nne, mara nyingi zina njia mbili tu: kila njia ina fyuzi yake ya laivu, waya unaoleta umeme, na nyingine ya nyutro, waya unaourudisha. Hapa watu wengi hupigwa. Fyuzi ya nyutro ikikatika, balbu inazima na pasi inapoa, mtu anadhani umeme haupo, anaingiza kidole, kumbe laivu imekaa pale pale ikimsubiri. Ndiyo maana siku hizi nyutro haiwekewi fyuzi peke yake.

Sasa nikujibu. Mimi nafanya kazi hapa Jinja, na majumba ya umri huo ndiyo mengi ninayoyafungua, yaliyojengwa miaka ile ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Vibao vya mbao nimevikuta vya kila namna. Mbao peke yake, ikiwa kavu na viungo vya waya vimekazwa, haileti moto. Kijana wa Busia hajasema uongo kuhusu nyumba ya baba yake. Moto unaletwa na kiungo kilicholegea, na mbao inakaa mahali pabaya kabisa kiungo hicho kinapopata joto.

Chukua pasi yako. Tuseme ni ya wati 1,200. Kwenye umeme wetu wa volti 240 inavuta ampia 5. Skrubu ya laivu ikilegea na mguso ule ukawa na ukinzani wa omu 0.8 tu, hesabu ni 5 mara 5 mara 0.8, yaani wati 20 za joto, zote kwenye ncha ya skrubu moja. Fundi redio analehemu risasi kwa chuma cha wati 25. Hilo ndilo joto unalofungia ndani ya boksi la mbao kila unapopiga pasi. Na fyuzi haiwezi kukusaidia, kwa sababu ampia ni zile zile 5, haioni kosa lolote. Hata breka mpya isingekatika.

Harufu ya samaki uliyoisikia ni ya kweli, na nakushukuru kwa kuifuatilia. Bakelaiti na plastiki ngumu za vifaa vya umeme zikipata joto kupita kiasi hutoa harufu hiyo hiyo. Na weusi uko upande wa kulia kwa sababu ukiitazama soketi yetu ya matundu matatu ya mraba, laivu iko kulia, nyutro kushoto, athi, yaani waya wa ardhini, juu. Kwa hiyo kiungo cha laivu ndicho kinachopika hiyo mbao. Kukaza skrubu hakutoshi. Shaba iliyokwisha kuungua ina kutu nyeusi juu yake, ukiikaza leo italegea tena.

Kuhusu mvule. Ni mbao nzuri, mchwa hawaitaki, na ndiyo sababu vibao vyako bado vipo. Lakini kuni za mvule zinawaka kama kuni nyingine. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba mbao haihitaji mwali ili iharibike. Ikipata joto la wastani kila siku kwa miaka, inageuka makaa polepole kutoka ndani. Makaa yanashika moto kwa urahisi kuliko mbao mbichi, na yanaanza kupitisha umeme, wakati mbao kavu haipitishi. Kwa hiyo yule aliyekuambia mbao haipitishi umeme alikuwa anazungumzia mbao ya mwaka 1956. Wewe sasa una makaa.

Tena mbao inanyonya unyevu. Masika inavimba, kiangazi inasinyaa, na skrubu za mbao hulegea zenyewe. Soketi inaanza kucheza kila unapochomeka na kuchomoa, na waya nyuma yake zinavutwa. Hapo ndipo kiungo kinapolegea.

Taratibu za sasa zinasemaje? Kazi yetu Uganda inafuata kanuni za Waingereza za kufunga umeme, BS 7671, na zile za kimataifa, IEC 60364. Zote zinataka kitu kimoja: kila mahali waya unapounganishwa pawe ndani ya kifuniko kisichoshika moto, au kilichopimwa kwa waya wa moto. Kipimo chenyewe ni hiki: waya uliopashwa hadi nyuzi joto 650 au 850 za Selsiasi, kutegemea kifaa, unakandamizwa kwenye plastiki kwa sekunde 30, kisha unaondolewa. Mwali ukiwepo, lazima uzime wenyewe ndani ya sekunde 30. Mbao tupu haina nafasi hapo. Uingereza walienda mbali zaidi: tangu Januari 2016 hata sanduku la breka la nyumba ya kuishi linatakiwa liwe la kitu kisichoungua, kwa kawaida chuma, kwa sababu yale ya plastiki yalikuwa yanashika moto kutokana na viungo vilivyolegea. Kama plastiki ilikataliwa, fikiria sanduku lako la mbao na kioo.

Kwa haki, niseme na upande mwingine. Taratibu mpya hazisemi kila kitu cha zamani kibomolewe siku inapotoka karatasi mpya. Mkaguzi anatazama hali ya kitu. Ningekuta kibao cha swichi ya taa kikavu, waya mzuri, viungo vimekaza, ningeandika kibadilishwe wakati wa matengenezo yajayo. Boksi lenye joto na mbao iliyoungua ninalikata siku hiyo hiyo. Lako ni la aina ya pili.

Waya zenye kitambaa cheusi ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko maboksi yenyewe. Ndani ya kitambaa kuna mpira. Mpira ule ukizeeka unakauka na kupasuka kama ngozi ya kisigino, na mara nyingi unapasuka pale pale karibu na skrubu penye joto. Umeme ukiwa umezimwa kwenye meni swichi, mwambie fundi mwenye kibali aupinde waya kidogo mbele yako. Ukiona vipande vinadondoka, basi mazungumzo ya maboksi yamekwisha, nyumba inahitaji waya mpya.

---

Mshonaji wa Tororo

Fundi, Mungu akubariki. Nimefanya ulivyosema. Fyuzi ni za jozi kweli, juu mbili chini mbili, na soketi zote za nyumba zimekufa nilipoondoa jozi ya kushoto. Taa zinawaka. Kazi ya pasi tunafanya kwa ile ya mkaa, cherehani zetu nyingi ni za miguu, tutavumilia.

Lakini nimeona jambo jingine. Fyuzi moja ina kiwaya chembamba, ile nyingine mtu ameweka waya mnene uliosokotwa. Na kuna kitambaa cheupe kigumu ndani ya kaure, nikataka kukikwangua nikaacha.

Mwenye nyumba sasa amekubali. Anasema Jumamosi fundi wake aje aondoe maboksi yote ya mbao, aweke ya chuma, waya zibaki zile zile maana ndizo ghali. Nimkubalie?

---

Fundi wa Walukuba

Usimkubalie, dada. Tafadhali mzuie hiyo Jumamosi.

Nyumba ya umri huo, njia za taa karibu hakika hazina waya wa athi. Huko Uingereza kwenyewe athi kwenye taa ilianza kudaiwa mwaka 1966, nawe jengo lako lina miaka kumi zaidi. Mafundi wa wakati ule walitumia mbao kwa sababu hiyo: mtu akigusa kibao, hagusi chuma. Sasa ukiondoa mbao ukaweka boksi la chuma na waya zile zile zenye mpira unaomomonyoka, siku laivu itakapogusa boksi, boksi zima litakuwa laivu. Fyuzi haitakatika, kwa sababu umeme hauna pa kurudia. Utakaa hivyo hadi mtoto mwenye miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji iliyotoka kupigwa deki aguse skrubu ya swichi. Mwenye nyumba atakuwa amelipa pesa kuondoa hatari ya moto na kuweka hatari ya kuua mtu.

Boksi la chuma ni zuri pale tu lilipofungwa athi. Kwa hiyo athi ndiyo inayoanza. Afukie fimbo ya athi na apime ukinzani wake kwa mashine, asikisie. Kisha waya mpya, milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, athi ikienda nazo hadi kila boksi. Kisha maboksi. Kisha sanduku la fyuzi linatoka, inaingia bodi ya chuma yenye breka, pamoja na breka ya kuvuja umeme ya miliampia 30. Hiyo ya mwisho usikubali iachwe kwa kisingizio cha gharama. Ndiyo itakayokata umeme mtu akishika laivu, hata kama makosa mengine yamejificha.

Mwenye nyumba akiwa na pesa za nusu tu, afanye njia ya soketi yote mwanzo hadi mwisho na kuacha taa kwenye vibao vyake kwa muda, maadamu waya za taa zitapimwa na kupita. Taa hazivuti ampia nyingi, hasa mkitumia balbu za LED. Nusu ya njia moja na nusu ya nyingine ni kazi mbaya.

Huo waya mnene wa fyuzi ni hatari kubwa. Kwa ampia 5 waya wa fyuzi ni milimita 0.2, kwa 15 ni milimita 0.5, kwa 30 ni milimita 0.85. Mtu aliyesokota waya wa kawaida pale alifanya fyuzi isikatike kamwe. Kiwaya cha ndani ya ukuta ndicho kitakachoyeyuka kwanza. Na hicho kitambaa cheupe umefanya vizuri kukiacha. Fyuzi nyingi za zamani zina asbesto ndani ili kuzuia cheche, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Zitolewe nzima, zifungwe kwenye mfuko, zisivunjwevunjwe wala wasichana wasizichezee.

Mkinunua waya mpya dukani, kwangua unywele mmoja wa ndani ya waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, rudisha.

---

Mjukuu wa Bombo

Asalaam aleikum. Samahani kuingilia. Sisi tuna nyumba ya babu, vibao vyake vimechongwa vizuri na wazee hawataki viondoke. Kuna njia ya kuvibakisha?

---

Fundi wa Walukuba

Waaleikum salaam. Ipo. Boksi la chuma lenye athi linazikwa ndani ya ukuta, waya zote zinaungwa humo, na kile kibao kinabaki juu yake kama fremu tu, hakuna kiungo hata kimoja kinachogusa mbao. Huko Uingereza hata leo wanauza vibao vipya vya mbao kwa nyumba za kale, na sharti ni hilo hilo. Kibao chenye alama ya kuungua msikirudishe, hata kama ni cha babu.

---

Mshonaji wa Tororo

Fundi, mwenye nyumba ameahirisha Jumamosi. Nimemsomea maneno yako kuhusu mtoto na sakafu yenye maji, akanyamaza, naye ana wajukuu wanaokuja hapa. Anauliza mawili: fundi gani amchukue, na ule ubao wa barazani anaweza kuung'oa mwenyewe?

---

Fundi wa Walukuba

Mpe salamu zangu, mwambie amefanya vyema.

Fundi awe na kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, na kibali kina madaraja, aombe kukiona na asome kinaruhusu kazi gani. Akimaliza ampe cheti cha kazi chenye namba za vipimo zilizoandikwa. Namba moja muifuate nyinyi wenyewe hata kama hamjui umeme: kipimo cha megga, mashine inayopima kama umeme unavuja kwenye ganda la waya, kwa volti 500 kati ya waya na waya, na kati ya waya na athi, kisishuke chini ya megaomu 1. Nyumba yenye waya mpya hutoa namba kubwa zaidi ya hiyo kwa mbali. Ikitoka 1.2 kwenye waya za leo, kuna mahali amebana waya au amepigilia msumari.

Ubao wa barazani asiung'oe. Kila kilicho kabla ya meni swichi, pamoja na kitu chochote chenye sili, ni mali ya kampuni ya usambazaji, na tangu tarehe 1 Aprili 2025 hiyo ni UEDCL. Waya unaoingia pale una umeme hata meni swichi ikiwa imezimwa, na hauna fyuzi ya kumwokoa. Aombe wakate umeme nje, fundi ahamishe kila kitu kwenye bodi mpya, waje waunge tena baada ya kuona cheti. Aombe mapema, ili msikae gizani fundi akiwa amekwisha kufungua kuta.

Wakati mnasubiri, vitambaa visogezwe mbali na ile kona ya soketi na mbali na kabati la barazani. Usiku zima meni swichi kabla ya kulala, tumieni taa ya sola au tochi. Na siku watakapolifungua lile boksi lililoungua, lipigeni picha upande wa nyuma muiweke hapa, yule fundi aliyekaza skrubu na wenzake wauone weusi huo ulivyoingia ndani.

---

Kijana wa Busia

Fundi, nimeenda kwa baba leo. Boksi la soketi ya friji lina joto. Nimeizima. Naomba unisaidie na mimi, nitaandika maelezo yote jioni.